Unyumbufu kwa Nani? Namna ya Kutathmini Masomo ya Jioni, Wikendi na Mtandaoni katika Chuo cha Kiislamu

Chuo kimoja cha Kiislamu upande huu wa Ziwa Viktoria, magharibi mwa Kenya, kiliniita nikisaidie kutathmini mtaala wake nyumbufu. Nilipofika nikakabidhiwa faili nene. Ndani mlikuwa na hojaji 31, zote zimejazwa vizuri, na karibu kila moja imetiwa alama penye “nimeridhika sana”. Ustadh aliyenipokea alikuwa na furaha. Akaniambia kazi imebaki kidogo tu, niandike ripoti na kutia sahihi.

Nikamuuliza, “Ustadh, hizi zilijazwa na nani?”

“Na wanafunzi, bila shaka. Tuliwagawia darasani Jumamosi.”

“Na ambao hawakuja Jumamosi hiyo?”

Akanyamaza. Wasiokuja walikuwa wengi kuliko waliokuja, na ndio hasa kozi ilianzishwa kwa ajili yao: mwenye duka Kondele, askari wa zamu ya usiku, mama wa Manyatta mwenye mtoto mchanga, mwalimu wa madrasa kutoka Mumias. Aliyeulizwa ni yule ambaye ratiba ilikuwa tayari imemfaa, naye amesema imemfaa. Hapo hakuna kilichotathminiwa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mudir (mkuu wa chuo), mkuu wa taaluma au ustadh yeyote aliyetwikwa kazi kama hiyo Kisumu, Kakamega, Mumias, Busia au Nakuru, na ambaye hana pesa za kumwita mtaalamu kutoka mbali. Kwa chuo chenye wanafunzi mia moja hivi, watu wawili wanaweza kuumaliza kwa wiki sita bila kuacha kufundisha. Gharama kubwa itakuwa nauli na salio la simu.

Hatua ya kwanza: Kusanya ahadi zote mlizotoa

Usianze na maswali. Anza na ahadi. Mtaala nyumbufu ni ahadi kabla haujawa kitu kingine: tumemwambia mtu kwamba ataweza kusoma bila kuvunja maisha yake. Basi tafuta kila mahali ahadi hiyo ilipotamkwa. Kijitabu cha chuo, tangazo lililobandikwa mlangoni mwa msikiti, ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa kabla ya usajili, na hata maneno ya sheikh baada ya swala ya Ijumaa. Hili la mwisho msilidharau. Nimekutana na wanafunzi waliojiandikisha kwa maneno ya mimbari pekee, hawajawahi kukiona kijitabu.

Ziandike zote katika safu moja ya daftari. Kisha kando ya kila ahadi andika ni unyumbufu wa nini. Kuna wa wakati (jioni, wikendi), wa mahali (nyumbani, kituo cha karibu, chuoni), wa kasi (kumaliza kwa miaka miwili au minne), wa mlango wa kuingilia (aliyesoma madrasa bila cheti cha sekondari anapokelewaje), na wa kupimwa (mtihani wa karatasi, wa mdomo, au kazi ya kuandika nyumbani). Vyuo vyetu vingi vina ule wa wakati tu, lakini matangazo yao huahidi yote matano. Ukigundua hilo mapema, nusu ya tathmini umeshaifanya ukiwa bado umekaa kwenye kiti.

Hapa niseme jambo kuhusu hojaji za kuokota mtandaoni. Baadhi ya zile zinazozunguka katika vyuo vya Kiislamu zimetoka Indonesia, ambako mwaka 2020 waziri wa elimu wa wakati huo, Nadiem Makarim, alianzisha sera inayoitwa Merdeka Belajar Kampus Merdeka. Chini ya sera hiyo mwanafunzi wa shahada aliruhusiwa kusoma hadi mihula mitatu nje ya programu yake: mmoja katika idara nyingine ya chuo hicho hicho, miwili nje ya chuo kabisa, akifanya kazi katika kampuni, akifundisha shuleni, akijenga kijiji, akifanya utafiti au akianzisha biashara. Vyuo vikuu vya Kiislamu vya huko navyo vimejipima kwa sera hiyo, na vimeandika mengi. Ni kazi nzuri. Lakini unyumbufu wao ni wa kumtoa mwanafunzi nje ya ukumbi akaone dunia. Mwanafunzi wetu yuko nje tayari, anauza mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu. Tunachojaribu ni kumwingiza ndani. Ukimpa hojaji yao utamuuliza kama idara inatambua alama alizopata kampuni fulani, naye atatia alama ya ndiyo kwa heshima tu.

Hatua ya pili: Chagua mnachotaka kujua

Wataalamu wana vielelezo vyao. Daniel Stufflebeam, Mmarekani, alipanga tathmini kwa mambo manne: muktadha, pembejeo, mchakato na matokeo. Donald Kirkpatrick, naye Mmarekani, mwaka 1959 alianza kuandika kuhusu ngazi nne za kupima mafunzo: wanafunzi walionaje, walijifunza nini, wamebadilika vipi kazini, na kumetokea faida gani. Vyote viwili vinafaa. Mimi hutumia cha kwanza kujikumbusha nisisahau upande wowote, na cha pili kujizuia nisiishie ngazi ya chini. Zile hojaji 31 zilikuwa ngazi ya chini kabisa: walionaje.

Andika maswali yasiyozidi matano. Haya ndiyo niliyotumia mimi, nawe unaweza kuyabadili: Nani tuliyemwahidi hakufika mwisho, na kwa nini? Saa tulizoandika kwenye ratiba, ni ngapi zilizosomwa kweli? Mwanafunzi wa jioni anajua sawa na wa mchana? Mzigo wa unyumbufu umemwangukia nani? Aliyehitimu anafanya nini leo?

Hatua ya tatu: Hesabu saa, si vipindi

Chukua ratiba ya jioni. Tuseme imeandikwa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, dakika 180. Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Kwa hiyo Maghrib iko katikati ya darasa kila siku, na Isha nayo inaingia kabla darasa halijaisha. Udhu, swala na kurudi kukaa: dakika 25 kila mara, na hapo sijahesabu anayebaki akileta uradi. Ongeza dakika 20 za kusubiri waliofunga duka saa kumi na mbili. Zimebaki dakika 110.

Dakika 70 zinazopotea kila jioni, kwa muhula wa wiki 14, ni dakika 980 kwa kila kozi inayokutana mara moja kwa wiki. Hizo ni zaidi ya saa 16. Kwenye vitabu vya msajili, kozi hiyo imefundishwa saa 42. Mkekani imefundishwa chini ya saa 26.

Sisemi watu waache kuswali ili wasome fiqhi ya swala! Nasema ratiba iandikwe na mtu anayeswali. Darasa likianza baada ya Maghrib na kuvuka Isha mara moja tu, dakika zinazopotea hupungua bila kumkera yeyote. Lakini hutajua mpaka uwe umekaa nyuma ya darasa mara tatu au nne, na saa mkononi, ukiandika mwalimu ameanza lini kusema na ameacha lini.

Fanya hivyo hivyo kwa wikendi. Jumamosi upande huu wa nchi ni siku ya mazishi. Sisi Waislamu huzika haraka, naam, lakini mwanafunzi wa Butere au Kendu Bay ana wakwe, ana wajomba, ana majirani ambao si Waislamu, na asipoonekana matangani atasemwa mwaka mzima. Jumapili nayo ni siku kubwa ya soko la Kibuye. Weka daftari la mahudhurio la mihula miwili mezani, uone ni Jumamosi zipi darasa lilibaki na watu saba. Nakuru hali ni tofauti kidogo, huko nimeona wengi wakikwama kwa zamu za kazi kuliko mazishi. Kila mahali pana siku yake, na ni juu yako kuijua.

Ramadhani ihesabiwe peke yake. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka dhidi ya kalenda ya chuo. Mwaka mmoja unaangukia mwanzo wa muhula, miaka michache baadaye unaangukia mitihani. Ukilinganisha muhula huu na ule wa miaka mitatu iliyopita bila kuangalia Ramadhani ilikuwa wapi, utasifu au kulaumu mtaala kwa jambo lisilo lake.

Hatua ya nne: Watafute walioondoka

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu ndipo wengi wanapopita mbio.

Kwanza hesabu. Chukua kundi moja lililoanza pamoja, tuseme lililosajiliwa miaka mitatu iliyopita. Andika majina yote ya siku ya kwanza. Kisha fuata kila jina muhula kwa muhula mpaka lilipoonekana mara ya mwisho. Tuseme walianza 40, wakafanya mtihani wa mwisho 22, wakafaulu 19. Ripoti ya chuo itasema waliofaulu ni asilimia 86, kwa sababu imegawanya 19 kwa 22. Wewe gawanya 19 kwa 40. Ni chini ya nusu. Namba zote mbili ni za kweli, ila moja inazungumzia mtihani na nyingine inazungumzia ahadi.

Kisha wapigie simu wale 18 waliotoweka kabla ya mtihani. Msijaribu ujumbe mfupi, na msitumie hojaji. Pigeni simu nyinyi wenyewe, wakati mzuri ni baada ya Alasiri, na mpigaji asiwe mhasibu wa chuo. Hili nimelijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza nilitumia simu ya ofisi, na namba ile wanafunzi waliifahamu kwa jambo moja tu, kudaiwa karo. Watu kumi na mmoja hawakupokea. Nilipotumia namba yangu, tisa kati ya hao walipokea siku hiyo hiyo.

Kabla ya swali lolote mwambie wewe ni nani, unafanya nini, jina lake halitaandikwa, na anaweza kukataa. Hiyo ni adabu, na pia ni sheria: tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, chuo hakina ruhusa ya kuchukua habari za mtu kwa kazi moja na kuzitumia kwa nyingine kama kipendavyo. Orodha yako ya namba isizunguke kwenye makundi ya WhatsApp.

Halafu uliza swali moja lililo wazi: “Niambie siku ya mwisho uliyokuja darasani ilikuwaje.” Usimuulize kwa nini aliacha. Ukiuliza “kwa nini” utajibiwa “karo”, kwa kuwa karo ni jibu lisilomuudhi mtu, na wakati mwingine ni kweli. Ukiuliza siku ilivyokuwa, mengine yatajitokeza. Mama mmoja aliniambia hivi:

“Siku hiyo tulitoka saa tatu unusu. Matatu zimekwisha, boda anataka mia mbili. Nilikuwa na mia. Nikatembea na mtoto mgongoni mpaka Nyalenda. Mzee wangu hakusema neno, alinifungulia mlango tu. Nikajua nimemaliza.”

“Na karo, mama?”

“Karo nilikuwa nimelipa ya muhula mzima, mwalimu. Hata sikuiulizia.”

Kwenye faili la chuo, mama huyu aliandikwa ameacha “kwa sababu za kifedha”.

Zungumza lugha ya mtu. Kiswahili kitatosha mara nyingi mijini, lakini mwanafunzi mzee wa Kendu Bay ataeleza moyo wake kwa Kijaluo, na wa Mumias kwa Kiwanga. Kama huijui, tafuta anayeijua, asiwe jamaa yake. Na kwa wanafunzi wa kike, apige mwanamke. Mambo ya ujauzito, ya mume, ya usalama wa njia usiku, hayatasemwa kwa ustadh wa kiume hata akiwa mpole namna gani.

Ukishawapata kumi na wawili au zaidi kati ya kumi na wanane, utaanza kusikia mambo yakijirudia. Yapange kwa mafungu, na kila fungu uandike kando yake: je, chuo kingeweza kufanya kitu? Aliyehamia Mombasa kwa ndoa, hapana. Aliyeshindwa na saa tatu unusu usiku, ndiyo.

Hatua ya tano: Pima elimu yenyewe

Kuna minong'ono kila chuo kwamba wa jioni na wa mtandaoni “hawajasoma kweli”. Masheikh wengine huisema hadharani. Haijibiwi kwa maneno. Inajibiwa kwa kuwapa wote swali moja, siku zinazokaribiana, karatasi zikasahihishwa na mtu asiyejua ipi ni ya nani. Andika namba badala ya majina, na mumwombe mwalimu wa chuo kingine asahihishe.

Chagua maswali yanayohitaji mtu atumie elimu. Mirathi ni uwanja mzuri, maana jibu ni moja na haliepukiki. Mfano: mtu amefariki Mumias, baba na babu yake hawapo. Ameacha mke, mama, wana wawili wa kiume, binti mmoja na kaka. Baada ya madeni na mazishi imebaki shilingi 1,200,000. Nani anapata nini?

Mke anapata thumuni (moja ya nane) kwa kuwa kuna watoto, yaani 150,000. Mama anapata sudusi (moja ya sita), 200,000. Zinazobaki ni 850,000 za watoto, mwana wa kiume mafungu mawili na binti fungu moja: kila mwana 340,000, binti 170,000. Kaka hapati, amezuiwa na wana wa kiume.

Aliyekariri atafika hapo. Sasa ongeza mstari mmoja: mama wa marehemu ni Mkristo. Upande huu wa Kenya hilo ni jambo la kawaida, si fumbo la kitabuni. Kwa msimamo wa madhehebu manne ya Kisunni, tofauti ya dini inazuia urithi, kwa hiyo sudusi ile inarudi: mke 150,000, kila mwana 420,000, binti 210,000. Lakini swali la tatu ndilo linalotenganisha aliyesoma na aliyesikia: familia imekuja kwako inalia, mama huyo Mkristo atabaki mikono mitupu, ungemwelekeza vipi marehemu kabla hajafa? Atakayetaja wasia usiozidi theluthi, ambao unamfaa asiyekuwa mrithi, huyo mpe alama zake zote, awe alisoma mchana, usiku au kwenye simu akiwa ndani ya matatu.

Nilipofanya hivyo katika chuo nilichokitaja mwanzo, wa jioni hawakuwa nyuma katika mirathi. Wengine walikuwa mbele, kwa kuwa ni watu wazima walioshuhudia ugomvi wa mashamba kwao. Katika tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur'ani kwa matamshi sahihi, hadithi ikageuka.

Tajwidi haina njia ya mkato. Inapokewa mdomo kwa sikio, mwalimu anasoma, mwanafunzi anarudia, anarekebishwa, anarudia tena. Chuo kilikuwa kimeihamishia kwenye sauti za WhatsApp ili kupunguza safari. Wanafunzi walirekodi aya, mwalimu akarudisha marekebisho kesho yake. Sasa, ulimi wa Kijaluo hauna sauti ya z wala ya sh, kwa hiyo mwanafunzi aliyekua nao ana kazi ya ziada kwenye herufi za Kiarabu shin na zayn ambayo wa Mombasa hana. Wengi huishinda bila taabu wakiwa wamekaa mbele ya mwalimu na kuona midomo na meno yake. Kwenye simu ya kabambe, ile isiyo janja, yenye spika iliyopasuka, hata mwalimu hakuwa na hakika amesikia nini.

Kwa hiyo katika hatua hii usitoe hukumu moja kwa mtaala mzima. Andika kozi zote, kisha jaribu kila moja: inaweza kubeba unyumbufu wa aina gani? Sira (maisha ya Mtume) na historia hubeba karibu wowote. Usulul-fiqhi (misingi ya kutoa hukumu za sheria) hubeba wa mahali, lakini si wa kasi, maana ukiiacha miezi miwili unaanza upya. Nahau (sarufi ya Kiarabu) inataka mazoezi mafupi ya kila siku na inafaa sana kwenye simu. Hifdhi (kuhifadhi Qur'ani) inataka mtu wa kumsikiliza, na mtu huyo si lazima awe chuoni. Maalim wa msikiti wa mtaani anaweza kusikiliza muraja'a (marudio ya aliyohifadhi) na kutia sahihi kwenye daftari, chuo kikampima mwanafunzi mwisho wa mwezi. Kwa tajwidi, mwache mwanafunzi na mwalimu wake uso kwa uso, walau saa moja kwa wiki.

Hatua ya sita: Walimu

Nitapita haraka, ingawa walimu hawataki nipite. Waulize mmoja mmoja, si katika kikao ambacho mudir amekaa: kozi moja unaifundisha mara ngapi kwa wiki, na unalipwa ngapi? Nilimkuta ustadh anafundisha hadithi ile ile mchana, jioni na Jumamosi, halafu usiku anajibu sauti za wanafunzi wa mtandaoni mpaka saa sita, na mshahara ni wa darasa moja. Alikuwa hajalalamika. Aliona ni thawabu, na ni thawabu kweli, ila masomo yake ya Jumamosi yalikuwa ya mtu aliyechoka.

Hatua ya saba: Simu mikononi mwa wanafunzi

Simama mlangoni uhesabu: simu janja ngapi, kabambe ngapi, wanaotumia simu ya ndugu ni wangapi. Uliza ni wangapi walinunua data wiki iliyopita kwa ajili ya masomo. Dakika kumi zatosha. Kama theluthi ya darasa haina simu ya kufungulia video, basi “mtandaoni” imekuwa kozi ya wenye nacho, na suluhisho huwa rahisi kuliko watu wanavyodhani: sauti badala ya video, na karatasi zilizochapishwa za kuchukuliwa msikitini siku ya Ijumaa.

Hatua ya nane: Wahitimu na cheti chao

Wafuate wahitimu kumi mpaka wanapofanyia kazi: madrasa, shule, kamati za misikiti, ofisi. Muulize mhitimu, kisha muulize na anayefanya kazi naye. Wapo wanaotamani siku moja kufika mahakama ya Kadhi, ambayo Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu pale pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali kwenda huko. Huyo anataka kujua cheti chake cha jioni kina uzito gani.

Basi kagua karatasi. Programu za shahada husimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Angalia barua ya idhini neno kwa neno: programu iliyokubaliwa ni ya kukaa darasani tu, au na ya masafa pia? Ikiwa cheti kinatolewa kwa ushirikiano na chuo kikuu kingine, soma mkataba. Tatizo likigunduliwa na wewe ni marekebisho, likigunduliwa na mwajiri wa mwanafunzi ni kilio.

Hatua ya tisa: Ripoti na kikao

Kurasa nane zatosha. Anza na jedwali la ahadi: safu ya kwanza ahadi, ya pili ulichokikuta, ya tatu ushahidi. Weka namba zote mbili, asilimia 86 na ile iliyo chini ya nusu, kwenye ukurasa mmoja. Nukuu maneno ya walioondoka bila majina, na bila alama zitakazomfichua mtu. “Mama wa Nyalenda mwenye mtoto mchanga” katika darasa la watu kumi ni sawa na kumtaja, na hapo juu nimebadilisha mambo mawili ili asijulikane.

Mudir aione kwanza, faraghani, siku mbili kabla ya kikao. Si kumficha mtu wala kupunguza makali. Ni kwamba mzee aliyejenga chuo kwa michango ya matofali hapaswi kusikia mbele ya wafadhili kwamba nusu ya wanafunzi walipotea. Mkiwa wawili atauliza maswali ambayo mbele za watu angeyageuza hasira. Methali ya mgema na sifa mnaijua, ingawa ina tembo ndani yake, masheikh wanisamehe.

Kwenye kikao usikubali maazimio ya “kuboresha” wala “kuimarisha”. Kila uamuzi uwe kitu kinachoonekana, chenye jina la mtu na tarehe. Chuo kile kiliondoka na maazimio matatu: darasa la jioni lianze baada ya Maghrib na lifungwe saa mbili na nusu (mkuu wa taaluma, muhula ujao); tajwidi irudi uso kwa uso katika misikiti miwili, mmoja Kisumu na mmoja Mumias (ustadh wa qiraa, yaani wa usomaji wa Qur'ani, kabla ya Shaabani); malipo ya walimu wa wikendi yajadiliwe na bodi (mhasibu, mwisho wa mwezi). La tatu lilibishaniwa mpaka Alasiri.

Kisha rudi kwa wale uliowapigia simu uwaambie kilichoamuliwa. Nilimpigia mama yule wa boda, nikamwambia sasa darasa linafungwa saa mbili na nusu, matatu zikiwa bado zipo. Akashukuru, akaniombea dua, halafu akauliza: zile kozi nne alizokuwa amemaliza kabla ya kuacha, zitahesabiwa, au ataanza upya?

Sikuwa na jibu, wala chuo hakikuwa nalo. Nililipeleka swali hilo kwa msajili jioni hiyo, likaandikwa kuwa azimio la nne, na tarehe yake.